Kareme ya Mama Haina Pasika

Beni, kwa nyumba ya bwana Saidi

Mama yangu mupenzi,

Mbele ya yote, sikia bahati ya mwana wako Kambale. Hapa Beni nimekuwa mutu mukubwa. Asubuhi nyama, magaribi nyama, na katikati kuku anapita kunisalimia. Shati ulinishonea haifungike tena kwa tumbo. Batu bakiniona kwa barabara banasema huyu ni commerçant, tajiri wa biashara wa Kampala, na miye nabaacha baseme.

Na weye, mwili unasema nini? Miguu je? Ile mbuzi ya Baba inazaa, ao inakula tu majani ya bure? Miye niko muzima.

Bon, niache muchezo. Dereva mwenye alitoka kwetu Kanyabayonga aliniletea habari kutoka kwa dada Masika. Anasema tangu vita ya Basimba, bale baasi, inifungie huku, ulimuahidi Mungu: hapana chumvi, hapana mafuta, hapana nyama, sahani moja kwa siku, mpaka nirudi. Pasika ilipita, batu bote bakakula, weye ukaendelea na kareme yako, ile funga ya mbele ya Pasika, peke yako. Na juzi ulianguka katika shamba ya maharagi, jembe mukononi, ukasema ni jua. Mama, jua gani ya Kanyabayonga? Kule kwetu hata kuku inatafuta koti.

Masomo yangu iliishia quatrième primaire, darasa ya ine tu, lakini kwa mambo ya kula sasa niko profesa. Mwalimu wangu ni Mama Zaina, bibi ya bwana Saidi. Ni Baislamu, beko na lori moja, na miye napakiaka mizigo yao na kulala kwao. Siku ya kwanza balinikalisha kwa sahani yao moja kubwa: bugali, sombe ya majani ya muhogo, maharagi, na samaki kidogo ya kugawana. Nilimeza kama mutu mwenye kukimbizwa. Mama Zaina akaniangalia, akasema bila kupandisha sauti:

“Kambale, Basimba balishakwenda. Tafuna.”

Batoto balicheka mpaka mumoja akapaliwa.

Pale njo nilianza kujifunza. Kwa sahani moja huwezi kukimbia, mikono ya benzako inakuonyesha. Unakula yenye iko mbele yako, unaongea kidogo, unaacha mukono upumzike. Habakatazi kitu, ila nguruwe, na ile naikumbukaka kimya kimya. Mafuta banatia, lakini kwa kijiko, hapana kwa chupa. Lengalenga, ile mboga ya majani, ni kila siku. Na tumbo ikisema inatosha, unanawa, hata kama bugali imebaki. Zamani nilikuwa nakula mpaka nalala na viatu. Sasa naamuka mwepesi.

Nilipobaelezea ahadi yako, bwana Saidi akasema mama huyo anapenda mutoto wake. Mama Zaina aliacha kuchambua muchele.

“Hata funga yetu inaishaka jua ikizama,” akasema. “Ya mama yako inaishaka saa gani?”

Miye mwenye mudomo mingi nikashika kalamu, nikuandikie. Malori inapita, ni kweli, lakini kwa barrière ya Butembo basoda banafunga njia na kushusha vijana, na bengine habarudi. Nitarudi siku yenye sijui. Tumbo yako haiwezi kungojea ile siku.

Donc, enda kwa Padri, akufungue ile ahadi. Rudisha chumvi kwa chungu, kidogo. Tia mafuta kwa sombe. Hapana kula umesimama kwa mulango ya jikoni, ukikwangua yenye bengine bameacha. Kaa chini na Masika na batoto yake, sahani moja, tafuna, shiba, nawa. Mungu hakukuomba mifupa.

Unisalimie dada Masika, mwenye kukuchunga. Baba mudogo Paluku, muuza vitunguu, umwambie asipunguze kasiksi, ile pombe yake ya ndizi, yote, apunguze nusu. Na nyanya Kavira, mwenye alinifundisha kusali, aniombee barabara ifunguke.

Mama Zaina alinisikia nikisoma hii barua kwa sauti, akakohoa pale mwanzo. Basi. Sikunenepa, Mama. Nyama sikuonja tangu Noeli, na ile shati inanicheza kama gunia kwa muti. Nakula kidogo, kila siku, pamoja na batu, na inatosha kuishi. Ile ya mwanzo yote ni bongo, uongo tu, nilifikiri utakula ukisikia mwana ananenepa. Kula bila kungojea ninenepe.

Kambale wako