Yaya, Balikunyanganya Kinu

Yaya Kapinga,

Mi ndugu yako mudogo, mutu anajulikana kutoka Fungurume mpaka Dilolo, mutu ambaye bakubwa ba kampuni banamungojea kabla ya kuanza kazi, nakuandikia na hasira. Usiseme nitulie.

Siku ya kukuzika, batoto yako balikufanyia kilio kubwa: hema mbili, bamama bote mu bikwembe, vitenge bya namna moja, muziki mpaka barabara inatetemeka. Kila mutu alisimama kusema namna alikupenda. Mi nilinyamaza. Mi, kunyamaza! Juu balikuzika ukingali muzima.

Kichwa yako ilipoanza kusahau, balikuweka mu kiti ya plastiki, basema: «Mama ametumika kazi ya kutosha, apumuzike.» Balikamata kisu, balikamata ufagio, balikamata kinu. Ukabaki kutazama ukuta. Kisha banasema eti ni ugonjwa, hataki tena kintu. Hataki! Nani alikuwekea kintu mu mukono?

Siku ile nilileta sombe, majani ya muhogo ya kutwanga. Sikukuuliza kama unataka. Nilikamata mutwangio, nikaanza vibaya, makusudi. Ukageuka. «Mupumbafu, unatwanga majani ao unaua nyoka?» Maneno ya kwanza tangu siku mingi! Ukasimama, ukatwanga, ukaimba wimbo ya mama yetu. Jina yangu hukuijua, lakini mikono yako ilijua kila kintu. Pale Mbuyi, mutoto wako wa kwanza, akatoka mbio: «Tonton, mujomba wangu, majirani batasema tunamutumikisha mama!» Akakunyanganya mutwangio. Ukarudi mu kiti. Hukuinuka tena.

Heshima gani ile, Yaya? Heshima gani inamukata mutu mikono?

Sasa sikia. Mama Ngalula, jirani yetu, naye kichwa yake inasahau, naye bamemuketisha. Jana nilimupelekea kunde ya kuchagua. Mutoto wake akafungua kinywa, nikamuambia: «Funga! Hata banganga ni mi nilibafundisha hii kazi.» Mama akachagua, akatupa mawe, akanigombeza juu ya kununua kunde ya vumbi. Nitarudi kesho, na kesho kutwa. Baniite mwendawazimu. Nakuahidi, mu barabara yetu hakuna mama mwingine atafia mu kiti ya heshima.

Lala salama, Yaya.

Lakini kuko kintu moja sikuambia mutu. Pale mbele ya kunde, machozi ilinitoka. Mama Ngalula hajui mi ni nani. Alikamata ncha ya kikwembe yake, akanibana pua nayo, akasema: «Penga.»

Na mi, mutu muzima mwenye ndevu, nikapenga.