Firigisi ya Kamanda

Jumapili, nimerudi kutoka Usagara

Wamemla Kamanda! Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Nilimpeleka jogoo wangu kwa mdogo wangu Masanja kwa sababu wapangaji wenzangu hapa Mwanza walichoka na kuwika kwake. Nilimpeleka akafugwe tu. Jogoo aliyekuwa analala jikoni kwangu, ukimwita jina anakuja mbio!

Leo nimefika, hata sijakaa vizuri, wifi analeta ugali na bakuli la kuku. Nikauliza Kamanda yuko wapi. Akacheka.

"Wifi, mgeni kama wewe tungekupa dagaa wakati jogoo yupo?"

Eti mgeni! Nikasukuma bakuli. Nikawaambia hawana huruma, na kwao sikanyagi tena. Wifi akanijibu taratibu kwamba Masanja mwenyewe alishindwa kumchinja, ikabidi amwite jirani.

Sasa kama alishindwa, si angemwacha?

Katika nyumba ile firigisi ni ya baba wa familia, yaani Masanja; hata baba mkwe wake hajawahi kupewa. Masanja akaitoa kwenye sahani yake, akaiweka kwenye yangu.

"Kula, dada. Alikuwa wako."

Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Ningefanyaje? Nikaila yote, wote wakinitazama.

Hasira haijaisha. Na kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba ilikuwa tamu.