Waya wa Ermete Njiani

Eti ng'ombe wake walianza kupita hapa kabla ya baiskeli zetu! Hebu sikia, Graziella: shemeji yangu Ermete ananijibu hivyo huku mwanangu Ilaria ameponea chupuchupu!

Asubuhi amehamisha malisho, akavuta waya wa uzio kukatiza njia ya baiskeli, pale pale kwenye mteremko. Hakufunga hata kitambaa chekundu ili uonekane, kama wafugaji wenzake!

Ilaria aliwahi kuinama. Waya umekwaruza kofia yake ya baiskeli. Kofia, Graziella! Ingekuwa shingo!

Nikamwambia, "Ufungue! Ndugu yako bado anashuka."

"Ndugu yangu ana macho, shemeji. Wewe una mdomo tu."

Tukasikia magurudumu kwenye mawe, juu msituni.

Nikanyakua koleo lake mwenyewe nikaukata waya. Ng'ombe wametapakaa hadi barabarani. Baba Ilaria amepita mzima.