Herufi za kadi ya Mélissa

Consolate, uko? Yezu wangu, niko na haya.

Zile kadi za ndoa ya mutoto wangu Mélissa, herufi nilichagua mi mwenyewe pale imprimerie, kwa wachapishaji: nene, nyeusi, na pembeni kamustari kembamba kama uzi. Zinasimama kwa heshima.

Sasa hivi baba mukwe wake amepiga simu. Ameona bahasha tu, yenye herufi zilezile, hajaifungua. Sauti chini: "Pole, mama. Nani amekufa?"

Nani amekufa!

Nikasema apana, ni ndoa. Akasema: "Na herufi za misalaba ya makaburi? Kwetu kadi hizi hazitagawiwa."

Ni kweli, Conso. Niliziona kwa musalaba wa kaburi la marehemu bwana yangu, nikazipenda. Nikamwambia hivyo.

Kisha akasema: "Basi tutazigawa, mama. Baba ya Mélissa naye amealika."