Kabla Mtungi Haujakauka

Ijumaa, mwezi 1 Mfunguo Pili
Magunia ya mbata tangu asubuhi. Idi anapima, anataja uzito, mimi naandika. Mgongo unauma. Miezi tisa niko Chole, na hapa forodhani bado wananiita Mwamu, mtu wa Lamu, kana kwamba mama hakunipa jina.
Baada ya sala ya Ijumaa nimepata barua kutoka Lamu. Mwanaesha anakuja! Kaka yake anamleta na chombo cha kwanza cha kaskazi. Nimeisoma mara nne. Nimenunua mkeka mpya, mpana, wa kulala watu wawili.

Jumamosi, mwezi 2
Bwana wetu Mdachi amekwenda Dar es Salaam. Tumefunga kazi adhuhuri. Idi na Farjala, askari wa mlangoni, wananisumbua tena niende nao kwa Mzee Kombo, mgema, kule upande wa mikoko. Nimekataa miezi tisa. Wanasema mke wangu amenifunga kamba kutoka Lamu na leo ameivuta. Nimechoka kuchekwa. Nitakwenda, nitakunywa tembo tamu kifuu kimoja, magharibi nitakuwa nyumbani.

Jumapili, mwezi 3
Kichwa. Nimeamka jua limepanda, alfajiri imenipita. Kanzu inanuka. Tope limekauka miguuni hadi magotini. Unyayo wa kulia umechanika, nimeufunga kitambaa. Makubadhi sijui yako wapi.
Naandika ninachokumbuka. Tembo la mchana lilikuwa tamu kweli. Sikufikiri kwamba linazidi kuchacha jinsi tunavyokaa. Magharibi nikasimama niende zangu. Farjala akasema, "Mwacheni, mkewe anamwita." Wakacheka wote, hata Mzee Kombo. Nikakasirika. Nikasema kwa kinywa changu, "Wallahi, mke wangu ameachika talaka tatu nikiondoka hapa kabla mtungi huu haujakauka."
Idi akasema, "Mwamu, hayo si maneno ya kusemwa." Nikakaa, nikanywa. Basi. Baada ya hapo sikumbuki kitu.
Mimi ni mpumbavu.

Jumatatu, mwezi 4
Idi ameniletea makubadhi yangu. Yalikuwa kwa Mzee Kombo, mlangoni. Nimemwuliza kama mtungi ulikwisha. Haukwisha. Jioni mzee alipanda minazi yake kama kawaida, akashuka na tembo jipya, akalimimina mlemle. Kila siku anafanya hivyo. Mtungi ule haukauki. Kila mtu wa Chole anajua isipokuwa mimi.
Lakini Idi anasema nilizimia. Wakanibeba, yeye mabegani, Farjala miguuni. Ndiyo maana makubadhi yalibaki. Farjala alikuwa amesimama hapo hapo na bunduki yake. Akacheka, akasema, "Tumembeba nani? Alitangulia mwenyewe anaimba." Wakabishana mbele ya wachukuzi.
Wawili hao, walevi wote wawili, ndio wanaojua kama nina mke.

Jumanne, mwezi 5
Nimekwenda kwa Mwalimu Haji wa msikitini baada ya alasiri. Nimemweleza yote, hata tembo. Hakunifokea. Ningefurahi angenifokea.
Akaniuliza, "Uliondoka kwa miguu yako, ama ulichukuliwa?"
Nikasema sijui. Akasema kama nilichukuliwa sijitambui, kiapo hakikuvunjika, mke ni wangu. Kama nilitembea, talaka tatu zimeanguka, na ulevi si udhuru kwa kuwa nilikunywa kwa hiari yangu. Hakuna kumrudia mpaka aolewe na mume mwingine, aingiliwe, aachwe, akae eda. Alisema taratibu, kama anavyosomesha watoto. Niliona kizunguzungu bila ya kunywa chochote.
Amesema niwalete Idi na Farjala Alhamisi.

Alhamisi, mwezi 7
Idi ameapa kwamba walinibeba. Kashika msahafu. Farjala safari hii akasema hana hakika, huenda aliyekuwa anaimba ni yeye mwenyewe. Mwalimu akasema basi, ushahidi ni wa Idi, na palipo na shaka ndoa inabaki pale pale. Kisha akanigeukia mimi. "Ila wewe mwenyewe ukijua vingine, ushahidi wa Idi haukufai kitu. Hapo ni wewe na Mola wako."
Sijui vingine. Nimerudi nyumbani karibu na kukimbia. Nimefagia ua, nimenunua taa, nimempelekea Idi kuku. Jioni nimekula kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Mke wangu ni wangu.

Jumamosi, mwezi 9
Unyayo umevimba. Nimefungua kitambaa niuoshe kwa maji ya chumvi. Ndani ya jeraha kuna kitu kigumu. Nimekitoa kwa sindano. Kipande cha gamba la chaza, urefu wa ukucha.
Machaza hayo yako kwenye mizizi ya mikoko, njia ya kurudi kutoka kwa Mzee Kombo. Usiku ule maji yalikuwa yamekupwa sana. Na tope lilifika magotini, miguu yote miwili, nyayo na vidole. Nililiona Jumapili. Nililiandika hapa kwa mkono wangu na sikulifikiri.
Aliyebebwa anakanyagaje chaza?
Nimekaa na kile kipande kiganjani mpaka adhana ya adhuhuri.

Jumapili, mwezi 10
Nimekwenda kwa Idi. Nimemwonyesha gamba. Alilitazama, akalitupa uani kwa kuku.
"Tulikubeba, Mwamu."
Nikamwambia, "Idi, umeshika msahafu."
"Najua nilichoshika. Mkeo yuko baharini anakuja. Ulitaka nisemeje?"
Akaingia ndani. Nimemchukia. Kisha nimeona haya, maana ameitia roho yake hatarini kwa ajili yangu, na mimi nimemlipa kuku mmoja.
Nimefikiri kumwandikia Mwanaesha asije. Barua nitampa nani? Pepo zote zinamleta huku.

Jumanne, mwezi 12
Sijakwenda kwa Mwalimu. Nimefika mpaka kwenye kizingiti chake mara mbili. Kazini nimeandika vibaya, Idi amenisahihisha bila kunitazama. Farjala anataka tucheke kama zamani. Siwezi. Nasali kila kipindi kwa wakati wake na sijui niombe nini. Kilichokwisha kutamkwa siwezi kuomba kisitamkwe.

Alhamisi, mwezi 14
Wamefika leo asubuhi. Amekonda kidogo, bahari ilimsumbua. Kaka yake amefikia kwa jamaa yake Baleni, kisiwa cha ng'ambo, amevuka kwenda huko. Ametuacha wawili, kwa heshima.
Ameleta halua, achari na kanzu aliyonidarizia mwenyewe. Amezunguka nyumba yote, amegusa taa, ameusifu mkeka. Amepika wali wa nazi. Nimekula mbali naye kidogo, nikisingizia tumbo.
Akaona ninavyochechemea. "Hebu nione, bwana." Akaleta maji ya moto, akapiga magoti, akanyoosha mkono aushike mguu wangu. Nimeurudisha. Nimesema unauma. Hauumi kiasi hicho.
"Ulikuwa huna viatu?"
"Nilivisahau mahali."
Hakuuliza mahali gani. Ameniachia maji karibu, nimejiosha mwenyewe.
Nimemwambia alale ndani, mimi nitalala barazani kwa sababu ya joto. Nimetoka na daftari hili. Kutoka ndani amesema kweli kuna joto, na mkeka huu ni mpana, unatosha wawili hata huko nje.
Namsikia anaukunja aje nao.