Kwa Dada Perlita, Aliyenyimwa Ruhusa Kila Juni

Mwaka umetimia, Dada Perlita Dimaano, tangu ulipotutoka kule Singapore ukaletwa nyumbani San Luis ndani ya jeneza. Katika miaka yako yote ya kazi za ndani ughaibuni, hiyo ndiyo Juni pekee tuliyokuwa nawe.

Tunaukumbuka wema wako. Maboksi yako yalifika kabla ya Krismasi, kila kitu kimeandikwa jina la mwenyewe, na hata jirani yetu mgomvi, Bi Sepa, hakukosa sabuni yake. Anayo hadi leo. Haiogei, anainusa tu.

Tunaikumbuka banduria yako, kile kigitaa cha nyuzi nyingi alichokuachia Baba. Ulikuwa huwezi kuosha mchele bila kuimba. Kila Jumapili, siku yenu ya mapumziko, uliwakusanya wenzako bustanini ukawafundisha kupiga. Wasichana waliokuwa wakijificha chooni kwa mabosi wao kulia, wewe uliwashikisha ala, wakanyamaza. Na kila tarehe 12 Juni, Siku ya Uhuru wetu, mlivaa mavazi ya kwetu mkapiga nyimbo za nyumbani mpaka wapita njia wakasimama. Ulitutumia video. Tulizitazama huku tunajivuna na kulia.

Lakini tarehe 12 Juni ndiyo siku aliyozaliwa binti yako, Luningning. Uliniachia akiwa hajaota meno. Kila mwaka alikuuliza utakuja lini, na kila mwaka ulimwahidi Juni. Tambi za siku ya kuzaliwa zilipikwa, sahani yako ikawekwa mezani. Kisha simu ikaja: "Bosi amekataa ruhusa, mwanangu. Nifanyeje?"

Tulimchukia yule bwana. Mama alimtaja katika kila rozari, na si kwa heri. Mimi nilimkataa Ruben fundi baiskeli, mtu mpole mwenye nia njema ya kunioa, kwa sababu nilikuonea huruma wewe uliyefungwa na bosi, nikaona mtoto wako asipate mlezi mwenye mambo mengine. Bosi huyo alipotuma shada la maua msibani, Mama aliamuru litupwe nyuma ya banda la nguruwe. Nguruwe wakalila.

Siku ya pili ya matanga, wazee wakicheza karata, Dulce, mwenzako wa kule bustanini aliyesindikiza jeneza lako, akaanza kukusifu. Hakuwa na nia mbaya. Alidhani tunajua.

"Huyu alikuwa mtu wa watu," alisema. "Kila Juni bosi anamwambia, nenda nyumbani, tiketi juu yangu. Yeye anakataa. Anasema, nikiondoka Siku ya Uhuru, nani atawaongoza hawa yatima wangu?"

Yatima wako. Luningning alikuwa amebeba sinia la kahawa. Aliliweka chini taratibu, akaenda jikoni, hakurudi.

Kikulacho ki nguoni mwako, Dada. Ungesema tu kwamba siku hiyo moja kule ulikuwa mtu mkubwa, na kwamba huku ungekuwa mpika tambi tu. Tungekasirika, kisha tungepoa. Badala yake ulituacha tumlaani mtu mwema kwa ajili yako, na mtoto akakua akiamini kwamba anapendwa na mama asiye na uwezo wa kuja. Uwezo ulikuwa nao. Hilo ndilo linalotuuma.

Leo, kama ilivyo desturi yetu mwaka unapotimia, tunavua nguo nyeusi. Luningning ndiye aliyetakiwa kuvua wa kwanza. Ila Februari alichukua banduria yako akaenda Singapore, wenzako wakamtafutia nyumba ya kufanyia kazi. Sikumzuia. Alinishika mikono mlangoni.

"Mama mdogo, mimi si yeye," alisema. "Juni nakuja. Tutavua pamoja, na tambi tutakula pamoja."

Nilianza kuweka akiba ya kamba waliokaushwa kwa ajili ya hizo tambi. Juzi akapiga simu.

"Mama mdogo, bosi amekataa ruhusa. Nifanyeje?"

Nyuma ya sauti yake nilisikia nyuzi zikikazwa, na wanawake wakicheka. Alikuwa na sauti yako hasa, Dada, ile ya upole ya kumbembeleza mtu. Nilitaka kumuuliza. Nikaogopa jibu.

"Msalimie bosi," nikamwambia.

Unakumbukwa na mama yako, Iska, ambaye sasa anamtaja bosi wako kwenye rozari kwa kumwombea afya. Na jirani yako Sepa. Na binti yako Luningning, akiwa mbali. Na mimi mdogo wako, Milagring, ambaye peke yangu leo sivui nyeusi.

Hatutakusahau kamwe, Dada, hasa Juni.