Ua la Nta la Bibi Stamena

Jengo Namba 14, Mlango B,
Mtaa wa Wachimbaji,
Pernik, Bulgaria.
26 Februari 2012

Mpendwa Shemeji Rayna,

Pokea salamu kutoka kwenye theluji ya kwetu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mumeo Lyuben, na kwamba ule mguu wako wa kushoto umekuhurumia kidogo katika baridi ya Chicago. Mkwe wenu Kalina ameshajifungua? Mwambieni asibebe vitu vizito na asiwasikilize wanaomwambia ale kwa ajili ya wawili, maana mama yangu alisikiliza, nami nikazaliwa na kilo tano. Mimi mwili haujambo. Presha inapanda na kushuka, lakini nimeizoea.

Mwaka huu hatuna baridi, tuna ugomvi na mbingu. Mwisho wa Januari kipimajoto cha nje ya dirisha la jikoni kilionyesha digrii ishirini na mbili chini ya sifuri. Mabomba ya ghorofa ya chini yamepasuka mara mbili, na kunguru waliokufa tuliwaokota uani asubuhi, wamekauka kama mbao.

Nimeanza barua hii mara tatu na kuichana. Sasa nitasema wazi: maua ya dada yako, mke wangu Nevenka, yamekufa. Vyungu vyote ishirini na tatu. Na lile ua la nta la bibi yenu Stamena, ule mmea unaotambaa wenye maua yanayong'aa kama nta, alioutoa kijijini mwaka wa arobaini na sita akiwa ameufunga kifuani ndani ya shali, nao umekufa. Usiichane barua, Shemeji. Isome mpaka mwisho, kisha nitukane kwa haki.

Sijasahau ulichoniambia siku tulipomzika dada yako, mbele ya padri na watu wote. Ulisema mikono yangu inajua kuvunja tu, na kwamba Mei utakuja kulichukua ua la bibi yako, kama nitakuwa sijaliua. Nilitaka kukurushia ile sahani ya ngano ya kuchemsha tuliyogawa kumkumbuka marehemu. Nilijizuia kwa sababu kaburi lilikuwa bado halijafukiwa. Lakini jioni ile niliapa kwamba hata nikifa mimi, ua lile litafika Mei.

Na nililitunza, Mungu ni shahidi. Joto la mabomba ya ndani linakausha hewa na kuangusha majani, kwa hiyo Oktoba nilivihamishia vyungu vyote ngazini, kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, penye lile dirisha kubwa, kama Nevenka alivyokuwa akifanya kila mwaka. Mti wa mpira niliubeba mgongoni, na umenizidi urefu. Maji nilitoa nusu kikombe kila baada ya wiki mbili, yaliyolala kwenye ndoo kwanza. Majani ya mti wa mpira niliyafuta kwa bia kila Jumapili, na bia iliyobaki niliinywa, na kila Jumapili ilibaki. Ua la nta sikuligeuza hata kidogo, maana ukiligeuza linanuna na kudondosha machipukizi. Nilikuwa naliongelesha kwa sauti ya chini, mimi niliyetukana makaa ya mawe chini ya ardhi kwa miaka thelathini na moja.

Tatizo lilikuwa Metodi wa ghorofa ya tatu. Tangu wamchague msimamizi wa jengo anatembea kama waziri. Mwezi wa Novemba alibandika karatasi kwenye kila chungu: "Ngazi ni za watu." Nilizibandua zote, moja nikaila mbele ya macho yake. Desemba akaupiga teke mshubiri, ukaporomoka ngazi nzima, akasema mguu umeteleza. Wangu nao ukateleza, ukaangukia pipa lake la kabichi za chumvi. Lita sitini zilishuka hadi mlango wa chini, na jengo likanuka mpaka Mwaka Mpya.

Sasa sikiliza. Tarehe thelathini Januari, asubuhi, Metodi alikuwa uani anachota theluji kwenye gari lake na kuirundika mbele ya mlango wa gereji yangu. Nilimwona nikiwa ngazini na kikombe changu cha kunyweshea. Damu ikanipanda. Nikamtukana mama yake, na bibi yake, na punda aliyewaleta Pernik.

"Shuka basi, bibi maua!" akapiga kelele, akiinua koleo. "Shuka nikuchanganye na mbolea!"

Nilishuka ngazi tatu tatu. Nilipofika chini alikuwa ameshaondoa gari. Nililipiga rundo la theluji ngumi mpaka vidole vikatoka damu, kisha nikaenda kliniki kuchukua dawa za presha, na kutoka huko nikapitia kwa rafiki kunywa pombe yetu ya rakia ya kuteremsha dawa. Nilirudi saa tisa mchana.

Dirisha la ngazini lilikuwa wazi, pande zote mbili. Theluji ilikuwa imejaa sakafuni. Majani ya mlimau yalikuwa meusi. Dungusi zilikuwa zimegeuka maji ndani ya ngozi zao. Nikaushika mkono mmoja wa ua la nta, ukakatika kama kioo, kisha ukayeyuka kiganjani ukawa ute. Nilikaa kwenye ngazi, Shemeji, nikalia kwa sauti kama nilivyolia siku ya Nevenka. Ndipo nikaona kipande cha sigara kwenye kizingiti cha dirisha, na jengo zima linajua kwamba anayevuta pale ni Metodi.

Nikauchukua chungu cha mshubiri. Udongo wake ulikuwa umeganda kuwa jiwe. Nikagonga mlango wa Metodi, akafungua na kitambaa shingoni, alikuwa anakula maharage. Sikumpa hata salamu. Nilimpiga na chungu kwenye taya, nikasikia mfupa ukivunjika, na Mungu anisamehe, sauti ile ilinifurahisha. Akaanguka, akainuka, akanimwagia sufuria ya maharage ya moto shingoni. Tukabingirika, tukaangusha makoti na kabati la viatu, nikamshika nywele na kumgonga kichwa sakafuni.

"Umeniulia maua!" nilikuwa nanguruma. "Umemuua Nevenka mara ya pili!"

"Maua gani, kichaa wewe!" alisema kwa mdomo ulioenda upande.

Mkewe Slavka alinipiga mgongoni kwa ule mti mrefu wa kusukumia unga wa mkate wa banitsa mpaka ukakatika vipande viwili, kisha akaendelea na kipande. Polisi walikuja watatu. Wawili walinivuta, wa tatu akanikalia.

Taya la Metodi lilivunjika mahali pawili. Wamemfunga meno kwa waya, na chakula chake ni mchuzi kwa mrija. Mimi nililala ndani usiku mmoja. Kesi ni tarehe nane Machi.

Niliporudi nyumbani nilivibeba vyungu kimoja kimoja hadi jalalani. Cha bibi yenu sikuweza kukitupa. Niliuchimba udongo wake kwa kijiko nikitafuta mzizi ulio hai, nikakuta yote imeoza. Siku tatu nilikaa nikipanga nitakavyommalizia Metodi atakaporudi kutoka hospitali. Nakuambia ukweli, nilishachagua hata nyundo.

Siku ya nne mlango ukagongwa. Alikuwa Slavka.

"Sijaja kukusamehe," alisema, akabaki amesimama mlangoni. "Nina swali moja. Asubuhi ile ulipokuwa unamtukana mama mkwe wangu, kichwa chako kilikuwa wapi?"

"Shingoni. Kingekuwa wapi?"

"Kilikuwa nje ya dirisha la ngazini, Strahil. Mimi nilikuwa chini nakung'uta zulia, nilikuona mpaka kiunoni. Dirisha alilifungua nani? Metodi alikuwa uani ameshika koleo. Kutoka pale alikwenda kazini, amerudi saa nane kwa lifti, ngazi hakuzikanyaga. Haya, niambie, lilifungwa na nani?"

Nikajaribu kukumbuka mkono wangu kwenye kitasa. Nilikumbuka kikombe nilichokitupa, nikakumbuka ngazi, nikakumbuka koleo lake. Kitasa sikukikumbuka, kwa sababu sikukishika. Ile sigara ilikuwa ya jana yake. Hasira hasara, walisema wazee, lakini hawakusema kwamba hasara yenyewe itakuwa ua la miaka sitini na sita, na taya la mtu asiye na kosa. Niliona aibu. Nyundo ilikuwa mezani, na Slavka aliiona.

"Nyani haoni kundule," alisema. Kisha akashusha sauti. "Kuna jingine. Lile la nta ninalo mimi."

"Unalo vipi?"

"Nilimwibia Nevenka. Mwaka tuliohamia hapa, kwa mkasi wa kucha. Limezunguka dirisha la sebuleni, limefika darini."

Wewe unatujua, Shemeji. Ua la kupewa halishiki, ua la kuibwa ndilo linaloota, na anayesema asante amelichimbia kaburi. Dada yako alilalamika miaka yote kwamba kuna panya mwenye mkasi kwenye hizi ngazi. Kumbe panya alikuwa anakuja kwetu kunywa kahawa.

"Nikatie kijiti," nilimwambia. "Nakuomba, Slavka. Nitapiga magoti."

"Uombe? Unataka life tena? Mimi Jumapili saa nne nakwenda kanisani kuwasha mshumaa. Mlango huwa nasahau kufunga."

"Na Metodi?"

"Atakuwepo. Aende wapi na uso ule?" Alikuwa ameshaanza kushuka. "Na ole wako useme asante. Nimenunua mti mpya wa banitsa."

Jumapili nilivua viatu nje, nikasukuma mlango. Metodi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kikombe cha mchuzi mkononi, mrija mdomoni, uso wa njano na zambarau. Nyuma ya kichwa chake ua la bibi Stamena lilikuwa limejaa ukuta mzima.  Nikatoa kisu, nikapita mbele yake na kukata kijiti kimoja chini ya jozi ya pili ya majani. Maziwa meupe yakatiririka kwenye kidole gumba. Nikakifunga kwa leso yenye maji na kukitia ndani ya shati, kwenye ngozi, kwa sababu ya baridi ya ngazini.

"Nisamehe taya," nilimwambia. "Dirisha nililiacha wazi mimi."

Neno la pili, lile alilonikataza Slavka, lilikuja mpaka kwenye ulimi, nikalimeza. Yeye alikiweka kikombe chini taratibu, akainuka, akanifuata, akanipiga ngumi ya mdomo.

Unanijua, Shemeji. Katika maisha yangu hajatokea mtu aliyenipiga akaenda kula chakula cha mchana. Na uso wake ule ungehitaji kofi moja tu. Mkono wangu wa kulia uliinuka wenyewe kama mbwa aliyeitwa. Lakini nilikisikia kile kijiti kikininyevusha kifua, nikajua tukishikana tutakisaga. Nikaushusha mkono. Nikakumbatia kifua changu kwa mikono yote miwili, nikasimama. Akanipiga tena, kisha tena, nami nikiwa nimeinama juu ya shati langu kama mama juu ya mtoto. Ya nne haikuwa na nguvu. Alikuwa analia kupitia waya, pua zinapuliza, na mimi nilikuwa nalia pia, na damu inanidondoka kidevuni, na wala sikukifunua kifua. Nilitoka kinyumenyume mpaka kwangu.

Nimemwandikia wakili kwamba sitakana kitu. Hakimu akiuliza nani alipiga, nitasema mimi, na akiuliza kwa nini, nitasema kwa sababu ya dirisha nililoliacha wazi mwenyewe. Watakachonipa nitakichukua.

Jino langu la mbele limeng'oka. Kijiti nilikitia kwenye glasi jikoni, hatua mbili kutoka dirishani. Leo asubuhi nimekiinua kwenye mwanga: kina mizizi minne.

Nisalimie sana Lyuben na kijana wenu Asen, na Kalina mbusu kwenye paji la uso, na huyo mgeni atakayekuja mpeni jina la bibi yenu akiwa msichana. Slavka anakusalimu. Mungu awafikishe salama kwenye majira ya kuchipua, na awape mikono inayojua lini itulie.

Ni mimi nikupendaye, hata kama hujawahi kuniamini,
shemeji yako Strahil